Uzi: Kabati la MDF, kingo zinakunywa rangi tu. Nianzie wapi?

Bint_Tudor
Assalam aleikum wakuu. Nina kabati la TV la MDF ya milimita 18: urefu futi 6, kina sentimita 40, kimo sentimita 50, droo tatu katikati na mlango mmoja kila upande. Limeshaungwa kwa skurubu na gundi, rangi bado. Nataka liwe jeupe la kung'aa kiasi, kwa brashi na rola, maana kompresa sina. Nimejaribu kwenye kipande cha masalio: usoni makoti mawili ya rangi ya mafuta yametosha, lakini ubavuni palipopita msumeno, koti la nne bado limefifia na manyoya yamesimama kama kidevu cha siku mbili. Niongeze rangi au nibadilishe?

Msasa240
Waaleikum salaam dada. Usiongeze, utamaliza mkebe bure.

MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa hadi zikawa kama pamba, zikatiwa resini, zikashindiliwa kati ya sahani mbili za moto. Nyuso mbili za nje hushindiliwa zaidi, hutoka ngumu na zimejifunga. Katikati huwa pepesi. Msumeno ukipita wafungua tumbo la ubao, na hapo ni ncha za nyuzi tupu, zote wazi. Ukipaka rangi, yale mafuta yanayoishikilia yavutwa ndani, juu yabaki unga wa rangi usio na cha kuushika. Ndiyo maana panafifia. Ubavu huzibwa kwanza, rangi baadaye.

Anza na msasa. Ubavuni tumia namba 120 uliozungushiwa kipande cha mbao bapa, ufute alama za msumeno, kisha 180, kisha 240. Usitumie vidole vitupu nyuma ya msasa: katikati ya ubavu ni laini kuliko pembeni, vidole vitachimba mfereji. Usoni piga 180 au 220 kwa mkono mwepesi, kuondoa ule mng'ao wa kiwandani tu. Ukikwangua sana usoni nako utafungua nyuzi, na taabu ya ubavuni itahamia huko.

Halafu vunja ncha. Kila kona kali ipitishie msasa 180 kwa mshazari mpaka iwe na mviringo wa milimita moja na nusu hadi mbili. Rangi mbichi hujivuta na kuikimbia ncha kali, kwa hiyo pale pembeni kabisa hubaki nyembamba kama karatasi ya sigara, na ndipo itakapobanduka kwanza. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kwenye picha.

Vumbi liondoe kwa brashi, kisha kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa tapentaini ya madini. Maji usiyalete karibu na MDF tupu.

mwana_Likoni
Mbona watu wazungushwa hivi? Gundi nyeupe ya seremala, zimua nusu kwa nusu na maji, pakaa ubavuni mara mbili, kwisha. Ni rahisi na haina harufu.

Msasa240
Yaziba, sikatai. Ila ina mambo mawili, yakhe. Maji yaliyomo yazivimbisha nyuzi, kwa hiyo manyoya yasimama upya na lazima upige msasa. Na ukiupiga, gundi ile hulainika kwa joto la msuguano, yajikunja kuwa vidonge na kuujaza msasa. Hupati ubavu ulionyooka. Kwa nyuma ya kabati au rafu ya stoo, tumia. Kwa mlango mweupe wa kung'aa ulio mbele ya dirisha, kila kidonge kitaonekana.

mwana_Likoni
Kwa stoo basi tumekubaliana 😄 Na ile puti ya ukutani? Wako mafundi waisiliba ubavuni.

Msasa240
Yapigika msasa vizuri na ni rahisi, lakini ni laini. Goti moja au mpini wa fagio ukigonga kona, kipande chatoka. Nayo pia hunywa rangi. Waache waisilibie ukuta.

Bint_Tudor
Sasa kuziba kwenyewe nitumie nini? Na mashimo ya skurubu?

Msasa240
Skurubu kwanza. Ukitazama kwa karibu utaona kila kichwa kimezungukwa na kilima kidogo, MDF imevimba pale skurubu iliposukuma. Ukijaza shimo bila kukiondoa kilima, utapiga msasa mpaka kesho na bado patakuwa na kibonge. Kikate kwa patasi kali iliyolazwa bapa, au msasa 120 kwenye kipande cha mbao. Kichwa kiwe kimezama milimita 2 hivi. Kama skurubu ni za chuma cheusi, hewa yetu ya bahari itazishika kutu. Gusa kila kichwa kwa tone la praima ya chuma kabla ya kujaza, usije ukaona madoa ya kahawia kwenye kabati jeupe.

Jaza kwa bodi fila, ile ya magari yenye hadena (dawa ya kuigandisha). Ni bora kuliko fila ya mbao ya maji kwa sababu hainywei ikikauka na haiongezi unyevu. Kipimo ni asilimia 2 kwa uzito, yaani gramu 100 za fila kwa gramu 2 za hadena. Kama huna mizani ndogo, fuata rangi: hadena nyekundu ikichanganyika vizuri, fila yote iwe ya waridi hafifu, kama maziwa yaliyotiwa shira ya rozi, bila mistari. Kwenye mistari myekundu hadena imezidi, kwenye mistari ya kijivu haipo na hapatakauka.

Watu hudhani hadena nyingi ni usalama. Si kweli. Ikizidi, ile iliyobaki hupenya na kutia doa juu ya rangi baada ya wiki kadhaa, hasa rangi nyeupe. Ikipungua, fila yabaki kama jojo.

Kwa joto la Mombasa una dakika tatu au nne kabla haijaganda, kwa hiyo changanya tonge dogo la kutosha mashimo kumi hivi, si mkebe mzima. Masalio usirudishe mkebeni. Ijaze izidi kidogo juu ya uso. Ikifika ugumu wa jibini unaweza kuinyoa kwa kisu, kisha baada ya nusu saa msasa 120, halafu 180. Macho yachunge, hadena ile ni peroksaidi.

Kuziba ubavu kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni sandingi sila, kizibio cha kupaka kinachopigika msasa, ile ya thina ya NC (nitroselulosi). Koti la kwanza lizimue nusu kwa nusu lipate kuzama, la pili na la tatu lizimuliwe kidogo tu. Kati ya makoti ngoja dakika 45 hadi saa moja, kisha msasa 240. Usihesabu makoti, utazame ubavu: ukilingana mng'ao na uso, umeziba. Kwa kawaida ni matatu, MDF pepesi hutaka manne.

Ya pili ni kuusiliba ubavu wote kwa bodi fila iliyo nyembamba kabisa, ukiikandamiza kwa kikwangulio kama unapaka siagi na kuifuta papo hapo, kisha msasa 180 na 240. Hii ni kazi, lakini ubavu hutoka kama kioo. Nakushauri milango na nyuso za droo uzifanyie hivi, mbavu za ndani zipate sila.

KompresaChangamwe
Naongezea hapo, kuna mpangilio ambao ukiuvunja kazi yote yaharibika. Bodi fila yakaa juu ya MDF tupu. Usiipake juu ya sila ya NC wala juu ya rangi ya mafuta. Kemikali yake huivuta ile iliyo chini, ukipiga msasa yabanduka kama gamba. Kwa hiyo FILA KWANZA, SILA BAADAYE. Vijishimo utakavyoviona baada ya praima vizibe kwa stopa nyembamba (fila laini ya vijishimo vidogo), usirudi na bodi fila.

Na rangi ya mafuta yakaa juu ya sila ya NC bila ugomvi. Kinyume chake hapana. Ukipuliza NC juu ya rangi ya mafuta, thina yake kali yaingia chini na ile ya mafuta yakunjamana kama ngozi ya uji. Dawa yake ni kukwangua yote.

Bint_Tudor
Shukran sana. Praima ya maji au ya mafuta? Na ninunue kiasi gani?

Msasa240
Ya mafuta, au andakoti ya mafuta. Praima ya maji moja kwa moja juu ya MDF husimamisha nyuzi hata usoni, utahisi mkono ukipita kama shavu la pichi. Ukishaziba kila mahali kwa sila waweza kutumia ya maji, ila kwako sioni faida.

Hesabu ya kabati lako, pande zote mbili za kila ubao. Ubao wa juu ni 1.83 kwa 0.40, pande mbili ni kama mita mraba 1.46. Wa chini vivyo hivyo. Mbavu mbili na vigawanyo viwili 1.6 kwa pamoja. Milango na nyuso za droo karibu 1.7. Jumla ni mita mraba 6 na kidogo. Lita moja juu ya uso uliozibwa hufunika kama mita mraba 10, kwa hiyo koti moja ni lita 0.6, makoti mawili 1.2, na ile inayobaki kwenye rola na trei. Nunua lita 2 za praima, lita 2 za rangi ya juu, lita moja ya sila, lita moja ya thina ya NC na lita moja ya tapentaini. Bodi fila mkebe mdogo wa kilo moja utabaki. Misasa: karatasi tatu za 120, nne za 180, sita za 240, nne za 320. Msasa uliochoka huchubua tu, tupa mapema.

Ndiyo, nasema pande zote mbili, hata nyuma kusikoonekana. Ukipaka mlango upande mmoja, upande mwingine utaendelea kunywa unyevu wa hewa na kuvimba, mlango upinde. Kwa Mombasa hilo ni hakika.

Praima: koti la kwanza, lale usiku. Kesho yake jaribu kona kwa msasa 240. Ukitoa unga kama wa ngano, imekauka. Ukijikunja vidonge kwenye karatasi, iache nusu siku tena. Baada ya msasa zima taa ya chumba, uilaze tochi pembeni mwa uso, kila kijishimo kitajitokeza kwa kivuli chake. Weka alama kwa penseli (si kalamu ya wino, wino hupenya hadi juu), ziba kwa stopa, msasa, koti la pili, msasa 320.

Rangi ya juu: makoti mawili membamba kwa rola ya sponji au ya manyoya mafupi ya milimita 4 au 5. Paka eneo la futi mbili, kisha pitisha ncha ya brashi safi mara moja kwa urefu wa ubao, bila kukandamiza, kuvunja vipovu. Ubavu upake kabla ya uso ili matone uyafute kwa rola. Kati ya makoti saa 24 na msasa 320.

Nahodha_Kisauni
Mumesahau hali ya hewa, na hapa kwetu ndiyo nusu ya kazi. Miezi ya masika, hasa Mei, hewa imejaa maji na rangi ya mafuta iliyoandikwa saa 16 mkebeni yaweza kutaka siku mbili. Kaskazi ikishika, Disemba hadi Machi, ndipo pazuri.

Saa za kupaka: kuanzia saa 4 asubuhi, unyevu wa usiku ukishaondoka, hadi saa 8 mchana. Alasiri upepo wa baharini huamka na mchanga wake. Kuanzia magharibi ni wadudu wa taa. Wala msipeleke kabati juani eti likauke upesi: juu hufanya ngozi, thina iliyonaswa chini hutafuta njia, mwapata malengelenge. Kivulini, dirisha wazi, feni isielekezwe kwenye rangi.

Ubao wenyewe ukitoka ghalani uuingize ndani siku tatu nne kabla ya kuukata, ulale bapa juu ya vipande vya mbao. Na ukilala na praima usiku karibu na bahari, asubuhi futa kwa kitambaa kikavu kabla ya msasa, chumvi hukaa juu.

KompresaChangamwe
Kwa wanaopuliza, maana najua wanasoma: NC wakati wa unyevu hutoka ukungu mweupe. Thina hukimbia upesi, uso hupoa, umande wa hewa huganda ndani ya rangi. Simamisha kazi. Likitulia jua, puliza vumbi jepesi la thina ya polepole, NC huyeyuka upya na ukungu huondoka. Pipa la kompresa litoe maji kila asubuhi, na tena adhuhuri, maana kwa hewa ya hapa maji hukusanyika haraka. Tone moja likipita kwenye bunduki, mwapata macho ya samaki mlango mzima. Pua ya milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi ya juu, 1.7 au 1.8 kwa praima nzito.

Na 2K, rangi ya kuchanganya na hadena, msiicheze nyumbani. Hadena yake ina aisosianeti, huleta pumu isiyoondoka. Maski ya kitambaa haifai kitu, wala ile ya vumbi. Yataka hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje.

Bint_Tudor
2K hapana kwa kweli. Lakini msasa wa MDF nao si una madhara? Vumbi lake ni jembamba mno.

Msasa240
Unayo. Vumbi la mbao na formaldehaidi ya kwenye resini, vyote viwili IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani) imeviweka kundi la 1, yaani vinasababisha saratani. Vaa maski ya vumbi ya FFP2 iliyobana puani, fanyia nje, na usipulize vumbi kwa mdomo wala kompresa. Likishatua, lifute kwa kitambaa chenye unyevu, sakafuni tu, si kwenye kabati.

Mama_wa_Mtwapa
Naomba kuuliza kwa faida ya wengi. Kabati langu la MDF limevimba chini kabisa, kama mkate ulioloa chai, na rangi imepasuka. Laweza kurudi?

Msasa240
Halirudi, mama. Nyuzi zikishaachana na resini, hata ukizibana kwa jiliwa zitavimba tena. Kata sentimita zote zilizovimba mpaka ufike kwenye ubao mgumu, unga kipande cha mti mgumu kwa gundi na skurubu, jaza maungio kwa bodi fila, upake upya.

Chanzo huwa ni deki. Maji ya kupigia deki husimama chini ya ubao na ukingo wa chini, kwa vile hauonekani, hauzibwi na mtu. Kwa hiyo Bint_Tudor, kabla ya kulisimamisha kabati, lilaze chali, ukingo wa chini uupe sila makoti manne na rangi makoti mawili, kisha miguu ya plastiki au chuma ya angalau sentimita 10, ili tambara lipite bila kugusa. Nyuma acha sentimita 2 au 3 kutoka ukutani.

Na kwa wanaofikiria kabati la sinki: ile MDF ya kijani hustahimili unyevu wa hewa, haistahimili kusimamiwa na maji. Ukijani ni rangi ya kuitambulisha tu. Chini ya sinki weka plaiwudi ya marini.

mwana_Likoni
Swali dogo. Rangi nyeupe ya mafuta ndani ya kabati hugeuka njano, nje yabaki nyeupe. Kwani ni nini?

Msasa240
Giza. Mafuta yaliyomo hugeuka njano pasipo mwanga. Mlango ukifunguliwa kwa wiki kadhaa hupungua. Ndani weka rangi ya maji ya akriliki juu ya praima ya mafuta iliyopigwa msasa. Haigeuki, na ndani hakuhitaji mng'ao.

Bint_Tudor
Nimeelewa, nitafanya hivyo. La mwisho: milango nirudishe lini? Kipande cha jaribio kilikauka juzi lakini jana nilikiegemeza kwenye kingine vikashikana.

Msasa240
Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Rangi ya mafuta hukauka kwa siku moja, lakini hukomaa taratibu kwa kuvuta hewa, na mpaka hapo ukiigandamiza hushika. Milango iache imelala juu ya vipande vyembamba siku saba, wakati wa masika kumi. Kabla ya hapo pima pengo pembeni mwa kila mlango: milimita 3 baada ya rangi, si kabla, maana makoti manne kila upande hula sehemu yake. Kama ni mbili, kata sasa ukiwa bado kwenye praima, uzibe tena ukingo uliokata.

Bawaba zifunge kwa bisibisi ya mkono, drili hupita kiasi na kuusaga uzi ndani ya MDF. Bandika viduara vidogo vya feliti mlango unapogonga. TV usiiweke mpaka wiki mbili zipite, na ikikaa chini yake weka vipande vya feliti, usiweke mpira. Miguu ya mpira mweusi hutia doa kwenye rangi nyeupe lisilofutika.